Shajara ya mradi: programu ya depo za dawa, Lubumbashi

Mwezi wa pili, mwanzo

Naanza kuandika hii shajara sababu timu yetu iko ndogo na mambo yanasahaulika haraka, na pia sababu kuko vijana mingi hapa Lubumbashi wananiuliza programu ya kazi ya kweli inajengwa namna gani, wamesoma maneno ya maikroservisi (programu iliyogawanywa vipande vingi, kila kimoja kinatembea peke yake) na Kubernetes (chombo cha kuendesha vile vipande ku seva mingi) na wanafikiri bila hivyo mtu hajaanza bado.

Kazi yenyewe ni hii: programu ya kuuza na kufuata stoki ku depo za dawa. Depo kubwa iko ku komini ya Kenya, zingine ziko Katuba na Ruashi, moja iko Kasumbalesa karibu na mpaka wa Zambia, na mwenye depo (sisi tunamwita Mama tu) anataka kufungua ingine Kolwezi. Wauzaji wanatumia simu za Android. Seva iko mbali, ng'ambo. Kati ya simu na seva kuko intaneti yenye inaenda na kurudi, na umeme ni vile vile.

Sisi tuko wanne: yaya (mkubwa wetu ku kazi) mwenye anashika baze ya data, ni kusema mahali data zote zinawekwa, dada mwenye anafanya upande wa simu, stajeri mmoja ametoka chuo, na mimi niko ku seva. Mjadala wa kwanza ulikuwa umbo la programu. Stajeri alikuja na mchoro wa vipande saba, kila kipande na seva yake na baze yake, ulikuwa mchoro muzuri kabisa na alikuwa ameufanyia kazi usiku. Tuliuchukua kwa heshima, tukaupitia kipande kwa kipande, swali letu likawa moja tu: kipande hiki kikianguka saa tisa ya usiku, nani anakiamsha?

Melvin Conway, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, aliandika tangu 1968 kwamba shirika likichora mfumo, ule mfumo utafanana na namna watu wa lile shirika wanaongea wao kwa wao. Kampuni yenye timu mia inagawa programu yake sababu timu zenyewe zimeshagawanyika, kila moja inataka kutoa kazi yake bila kungojea ingine. Sisi tunakaa meza moja. Tukigawa vipande saba tunajiletea miito saba ya mtandao yenye inaweza kukatika katikati, mahali pa mwito mmoja wa kawaida mu koodi wenye haukatikagi.

Kwa hiyo: programu moja, seva moja, baze moja ya PostgreSQL, lakini ndani kuko nyumba yenye vyumba vinne, mauzo, stoki, pesa, ripoti, na kila chumba kina mlango wake. Koodi ya mauzo hairuhusiwi kugusa meza za data za stoki moja kwa moja, inapita ku mlango. Na hii si maneno ya mdomo, tumeandika testi (programu ndogo ya kukagua) yenye inasoma koodi na kukataa kama chumba kimoja kimeingia ku kingine kwa dirisha. Siku moja kama Kolwezi na Likasi na wengine wamekuwa mingi, chumba kitatolewa nje kiwe programu yake. Mlango utakuwa tayari.

Mwezi wa pili, katikati

Maamuzi tunayaandika. Michael Nygard, mwandishi wa programu, alieleza 2011 namna fupi ya kufanya hivyo na sisi tumeifuata karibu vile ilivyo: hali iko namna gani, tumeamua nini, na matokeo yake ni nini, mazuri na mabaya. Ukurasa mmoja, faili ya maandishi ya kawaida, inakaa pamoja na koodi. Haifutwagi. Tukibadilisha mawazo tunaandika mpya yenye inasema ile ya zamani imeisha na kwa nini. Tunaandika Kiswahili chetu hiki na Kifaransa ndani yake, sababu lengo ni mtu mwenye atakuja mwaka ujao aelewe, haiko mtihani wa lugha.

Mwezi wa tatu, wiki ya kwanza

Sasa tumefika ku moyo wa hii programu, nitakaa hapa kidogo.

Muuzaji anabonyeza UZA. Simu inaandika lile uzo kwanza ndani yake yenyewe, mu SQLite (baze ndogo ya ndani ya simu), hapo hapo, kuwe na intaneti kusiwe. Risiti inatoka. Mteja anaenda zake. Nyuma yake kuko foleni yenye inatuma mauzo ku seva moja moja kila mara mtandao unaonekana. Mpaka hapo kila mtu anaelewa. Shida iko ku kurudi: simu imetuma, seva imepokea, imeandika, imejibu "sawa", na lile jibu limepotea njiani. Simu haijui. Itatuma tena. Seva ikiwa mjinga itaandika mauzo mawili, na stoki ya Amoxicillin itashuka mara mbili wakati mteja amebeba boksi moja.

Tulienda kuliangalia ku depo ya Katuba na simu mbili. Dada alikuwa anazima mtandao nusu ya sekonde kisha ya kubonyeza, tena na tena, na muuzaji amesimama pembeni anaangalia namba ya stoki ku skrini, na kweli kabisa ilishuka 24, 23, 21. Yule mama muuzaji njo alisema kwanza: "Hapa moja imekimbia."

Dawa yake inajulikana na haiko ngumu. Simu yenyewe inazaa kitambulisho cha uzo (UUID) wakati ule ule kidole kinabonyeza, mbele ya kutuma kitu chochote. Kikitumwa mara moja ao mara kumi kitambulisho kinabaki kile kile. Ku PostgreSQL ile safu ina sharti la kutorudia, na ombi la kuandika linasema kama kiko tayari usifanye kitu, jibu tu "sawa" kama mara ya kwanza. Hapo simu inaweza kutuma bila woga mpaka isikie jibu.

Kitu cha pili, simu haitumagi "stoki imebaki 21". Inatuma "nimetoa 2". Hii tofauti iko kubwa sana kuliko inavyoonekana. Simu mbili za depo moja zinaweza kuwa bila mtandao asubuhi yote, kila moja inauza, na kama kila moja ingeleta jumla yake, ya mwisho kufika ingefuta kazi ya mwenzake. Zikileta mitembeo, seva inajumlisha tu, na mpangilio wa kufika hauharibu hesabu. Kwa hiyo stoki mu programu yetu haiko namba yenye mtu anaandika juu yake. Ni daftari la vilivyoingia na vilivyotoka, na namba inatoka ku daftari.

Tangu siku ile testi zetu zote za foleni zina kukatika ndani yake: kukatika mbele ya kutuma, kukatika kisha ya kutuma, jibu kuchelewa, simu kuzimika katikati. Testi yenye inadhani mtandao uko muzuri sisi hatuihesabu.

Mwezi wa tatu, mwisho

Pesa. Mtu mwenye hajaishi Kongo anaweza kufikiri hii ni sehemu rahisi.

Hapa dola na franka zinatembea pamoja ku kaunta moja, mu uzo mmoja. Tuseme dola moja ni 2 800 franka leo. Mteja anachukua sirapu ya 12 000 franka, anatoa noti ya dola 10. Hiyo ni 28 000, kwa hiyo arudishiwe 16 000, lakini muuzaji anampa noti ya dola 5 na 2 000 franka juu, sababu droo ya franka imeisha. Uzo mmoja, pesa za aina mbili, zimeingia za aina moja na kutoka za aina mbili. Programu zenye tuliangalia mbele zilikuwa na safu moja tu ya "kilicholipwa", na jioni muuzaji alikuwa anabaki na droo yenye haikubaliani na karatasi, na lawama inamwangukia yeye.

Tumeamua hivi. Kila noti yenye inaingia ao kutoka ni mstari wake, na pesa yake (dola ao franka), na alama yake (imeingia ao imetoka). Dola zinawekwa kwa senti, namba kamili. Franka namba kamili. Hakuna desimali popote mu pesa, sababu mashine inahesabu desimali kwa 0 na 1 tu, haiwezi kuziandika zote sawasawa, na 0,1 ukijumlisha na 0,2 inakupa 0,30000000000000004. Mara moja haina maana. Kwa mauzo ya mwezi mzima, muhasibu anaanza kutafuta senti zenye hakuna mtu aliiba.

Na kiwango cha siku (dola moja ni franka ngapi) kinaandikwa ndani ya uzo wenyewe. Hii yaya alipigania sana na alikuwa na haki. Kiwango kinaweza kubadilika saa sita ya mchana wakati simu ya Kasumbalesa iko bado na cha asubuhi sababu haijapata mtandao, na muuzaji ameshauza kwa kile cha asubuhi. Seva haina ruhusa ya kuja kumhesabia upya. Uzo ulifanyika kwa kiwango chenye muuzaji aliona ku skrini, njo ukweli wake, na ripoti inaonyesha kama kuko tofauti ili Mama aamue.

Mwezi wa ine

Siku hizi kazi mingi ilikuwa juu ya namna ya kufanya kazi yenyewe.

Stajeri alikuwa na tawi la koodi (nakala ya kufanyia kazi pembeni) lenye lilikaa peke yake muda mrefu, kazi ya lot za dawa (makundi ya maboksi yaliyotengenezwa pamoja, kila kundi na tarehe yake ya kuisha), na wakati wa kuliunganisha na shina, koodi kuu ya sisi wote, kila faili ilikuwa imegombana na kila faili. Haiko kosa lake, hakuna mtu alikuwa amemwambia njia ingine. Tumekaa, tumekubaliana: kila mtu anaunganisha ku shina kila siku, vipande vidogo, vyenye mwenzako anaweza kusoma vyote mpaka mwisho na akili yake ikiwa bado iko pale. Kazi haijaisha? Iunganishe vilevile, imefungwa nyuma ya bendera (swichi mu koodi ya kuwasha ao kuzima kazi), haionekani kwa muuzaji. Kipande kidogo kikileta shida unajua ni kipi na unakirudisha nyuma kwa amri moja. Kikubwa kikileta shida unaanza kuuliza mganga.

Intaneti ikikosa? Git, programu yetu ya kushika historia ya koodi, tangu Linus Torvalds aianze 2005, haihitaji mtandao kwa kuandika historia, kila mashine iko na historia yote. Hapo kuko mtego pia, unaweza kukaa na kazi yako peke yako ukafikiri uko salama. Kwa hiyo tumeweka mashine ndogo mu biro (ofisi yetu), na batri yake, iko ku Wi-Fi yetu ya ndani, inashika nakala ya koodi na inapiga testi zote kila mtu akituma. Mtandao wa nje ukirudi inapeleka juu. Umeme wa mtaa ukikatika sisi wanne tunaendelea kuunganisha kazi zetu, na testi zinaendelea kusema ndiyo ao hapana.

Sasa kusoma koodi ya mwenzako. Hapa kwetu kijana hamwambiagi mkubwa wake "hapa umeharibu", na ile heshima mimi naipenda, sitaki itoke. Lakini mwezi uliopita stajeri aliona kitu mu koodi ya yaya, akanyamaza, akaweka "sawa". Yaya mwenyewe alipojua njo alipendekeza hii: mdogo anasoma wa kwanza na anaandika wa kwanza, mbele wakubwa hawajaweka neno, na anaandika swali juu ya koodi. "Yaya, kama lot iko tupu, huu mstari utafanya nini?" Na mwenye koodi anajibu kwa testi ao kwa kubadilisha. Kujibu "mimi nimefanya hii miaka mingi" haikubaliwi, hata kwangu.

Wiki ile ile lile swali la lot tupu lilizuia kitu kingeleta stoki chini ya sifuri Ruashi. Naandika hapa ili ibaki: swali lilitoka kwa mtu mwenye ana miezi michache ku kazi.

Mwezi wa ine, mwisho: bendera

Tumeanza kuwa na bendera mingi, na hapa nimeomba tuweke sheria kali. Tarehe 1 mwezi wa nane 2012, Knight Capital, kampuni ya Marekani ya biashara ya hisa, iliweka koodi mpya ku seva zake nane, lakini seva moja ilibaki bila. Koodi mpya ilikuwa imechukua bendera ya zamani na kuipa kazi mpya. Ku ile seva moja bendera ikaamsha kazi ya kale yenye haikuwa inatumika tena, lakini hakuna mtu alikuwa ameitoa. Kwa dakika karibu 45 ile kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 440.

Ukiisoma vizuri utaona hakuna kitu kimoja kiliua. Koodi iliyokufa iliachwa ndani, jina lilitumiwa mara ya pili, kuweka kulifanywa kwa mkono, na hakuna kilichouliza kama seva zote nane zinafanana. Kwa hiyo kwetu: kila bendera ina mwenyewe na tarehe ya kufa, tarehe ikipita testi zinaanguka mpaka mtu aitoe pamoja na koodi yake, jina halirudiwi hata siku moja, na kuweka ni amri moja ya mashine yenye inamaliza kwa kuuliza seva "uko na toleo gani". Simu pia zinasema toleo lao kila zikituma. Tunajua Kasumbalesa iko nyuma bila kupiga simu.

Mwezi wa tano

Ripoti ya siku ya depo ya Kenya haikubaliani na ya muhasibu. Mauzo machache tu, ya usiku. Ile depo ikiwa ku zamu ya usiku inauza mpaka kisha ya saa sita.

Tumekaa sisi wote na dada wa depo mwenye aliuza, na sheria ya kikao ilisemwa mbele: hatutafuti ni nani, tunatafuta kitu gani kilifanya ionekane sawa wakati haiko sawa. John Allspaw alieleza hii 2012, wakati akiwa Etsy, kampuni ya soko la ku intaneti, kwamba mtu akiogopa azabu anaficha njo maelezo yenye unahitaji ili isirudi. Kwetu muuzaji anaweza kukatwa mshahara kwa droo kupungua, kwa hiyo woga uko wa kweli, na Mama alikubali kusema kwa mdomo wake mbele ya wote kwamba hakuna mtu atakatwa juu ya hiki kikao. Kisha ya hapo yule dada aliongea. Alikuwa ameandika kila uzo ku karatasi pembeni, na saa. Ile karatasi njo ilitufungulia.

Uzo wa 00:30 Lubumbashi. Muhasibu anakaa Kinshasa, na kule iko 23:30, bado ni jana. Seva inahesabu kwa saa ya dunia (UTC), kule ni 22:30, jana pia. Nchi moja, saa mbili, na ripoti ilikuwa inachukua siku ya mashine ya mtu mwenye anaifungua. Kila mmoja alikuwa na haki ku skrini yake.

Sasa kila uzo unashika wakati wake kwa saa ya dunia, na depo inashika kanda yake ya saa, Africa/Lubumbashi, na siku ya biashara inahesabiwa kwa kanda ya depo, hata uisome ukiwa Kinshasa ao Brussels. Tumeongeza pia wakati wenye seva ilipokea, sababu kuko simu zenye batri ikiisha kabisa saa yao inarudi nyuma, na tofauti kubwa inaonekana mu ripoti. Testi ya 00:30 imeingia siku ile ile, na jina lake ni la depo ya Kenya.

Ile karatasi tumeomba ruhusa, tumeipiga picha, iko pamoja na maandishi ya kikao.

Mwezi wa tano, mwisho

Leo tumerudisha nakala ya baze yote ku mashine tupu ya biro na tumefungua programu juu yake, tumehesabu mauzo ya jana, yamekubaliana. Tunafanya hii kila mwezi. Ku GitLab, kampuni yenye inashika koodi za watu, tarehe 31 mwezi wa kwanza 2017, mtu alifuta data ku seva ya kweli akifikiri iko ku ya pili, na njia zao za kuweka nakala karibu zote zilikuwa hazifanyi kazi bila mtu kujua. Walipoteza data ya saa karibu sita, na walielezea yote wazi mbele ya watu, jambo lenye naliheshimu sana. Nakala yenye haujawahi kuirudisha usiihesabu kama unayo.

Mwezi wa sita, mwanzo

Kolwezi inafunguliwa. Mama aliuliza kama tuongeze watu ili lot na tarehe za dawa kuisha ziwe tayari haraka. Nimemweleza kwamba mtu mpya atachukua muda wa stajeri na wa yaya mbele ya kuanza kuleta wake, kwa hiyo sasa tupunguze kazi badala ya kuongeza watu: Kolwezi ianze na mauzo na stoki ya kawaida, na lot zifuate. Amekubali, lakini ameomba kitu kimoja kisikose, dawa yenye inaisha mbele itoke mbele. Ana haki, ameshatupa maboksi mingi.

Kwa hiyo simu itapendekeza lot yenye tarehe iko karibu zaidi, muuzaji anaweza kukataa kama boksi limeharibika, na sababu inaandikwa. Stajeri njo anaongoza hii kazi. Ameshaandika uamuzi wake, ukurasa mmoja, yaya amemuuliza maswali mawili juu ya lot zenye ziko na tarehe moja, na testi zake zimeshaingia ku shina. Bendera inawashwa Ruashi peke yake kwanza, dada ataenda kukaa na wauzaji asubuhi yote. Tarehe ya kufa ya hiyo bendera ni mwisho wa mwezi wa saba, na mwenyewe ni stajeri.